Dakika Kumi za Kung'arisha Jino

Kliniki ya meno ilikuwa imejaa asubuhi ile, watu wamesimama hadi mlangoni. Mwalimu, ndani ya gauni lake la manjano, alikuwa ameshika shavu kwa mtandio alipogongana na kijana mrefu aliyeshuka ngazi mbio. Aproni yake ilijaa vumbi jeupe, na mkononi alikuwa na kisanduku kidogo.

"Samahani dada, nimebeba jino la mtu."

"Mtu gani?"

"Wa saa nne."

"Basi tembea taratibu, kaka. Mtu wa saa nne ni mimi."

Alikuwa fundi wa maabara ya ghorofani, mchongaji wa meno ya kauri. Lile la Mwalimu lilikuwa gego la juu. Kabla mwezi haujaisha, walikuwa wakipigiana simu asubuhi na jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula upande mmoja. Jino lako linatangulia kugonga."

"Linataka kukubusu kabla yangu."

"Acha maneno, Fundi. Njoo ulipunguze."

Jumamosi daktari alimruhusu Fundi alipunguze mwenyewe. Akalisaga kidogo, likakaa sawa. Aliposhika brashi ya kung'arishia, umeme ukakatika.

"Sasa lina mikwaruzo kama msasa," alimwambia. "Kauri ni ngumu kuliko jino. Ikiachwa hivi, italila jino la chini. Rudi Jumatatu, dakika kumi tu."

"Kwanza kesho," alisema Mwalimu, akimnyoosha kola. "Baba anakusubiri saa nane. Usiniangushe."

Kesho yake viti vilipangwa, baba mdogo akaja, dada mkubwa akapika. Saa nane ikapita, na saa kumi. Simu ya Fundi ilizimwa. Jua lilipozama baba aliinuka, akaenda kuvua shati lake jipya. Shati lile lilimuumiza Mwalimu kuliko yote.

Jumatatu Fundi akapiga.

"Mwalimu, njoo nikung'arishie jino."

"Hilo ndilo unaloona la kusema?"

"Tafadhali. Ukija tutazungumza. Dakika kumi tu."

"Umeniaibisha mbele ya wazazi, sasa unanivuta kwa jino? Tafuta mtego mwingine, kaka."

Alipiga tena Jumanne, na mara mbili wiki iliyofuata. Kila mara ni jino.

"Huyo hata uongo wake haubadiliki," dada mkubwa alicheka. Mwalimu akabadilisha namba.

Miaka sita ulimi wake ulipita juu ya ule mkwaruzo kila siku. Alimwomba Mungu amsahaulishe Fundi, na ombi hilo halikujibiwa. Wachumba wawili walikuja, akawakataa. Kisha maji baridi yakaanza kumchoma. Katika kliniki nyingine, daktari mmoja mama wa makamo alimshikia kioo. Gego la chini lilikuwa limebonyea kama ngazi iliyokanyagwa miaka mingi.

"Enameli, lile gamba gumu jeupe, imelika," alisema daktari. "Hilo la kauri ndilo lililoisaga. Lilipunguzwa, halikung'arishwa. Fundi hakukwambia urudi?"

"Aliniambia," Mwalimu akajibu. "Mara tano."

Jioni alipiga magoti. "Ee Mungu, nilimwita mwongo mtu aliyekuwa akinihurumia. Kama bado yuko peke yake, nifungue kinywa nimwambie."

Asubuhi alivaa lile gauni la manjano, ingawa sasa lilimbana, akapanda ngazi za kliniki ile ya kwanza hadi maabara.

Fundi alikuwa na miwani na mvi chache. Nyuma yake cheti kilitundikwa ukutani. Aliinuka polepole.

"Mwalimu."

"Nimekuja kung'arishwa."

Alimkalisha kwenye kiti, akalitazama jino la chini kwa muda mrefu.

"Hili ndilo nililoliogopa."

"Kwa nini hukuja siku ile?"

"Nilifika mlangoni. Nikamsikia baba yako mdogo akiuliza, 'Fundi? Ana cheti gani?' Sikuwa nacho, nikageuka. Nilidhani ukikaa kwenye kiti hiki nitapata ujasiri wa kukueleza."

"Kumbe jino lilikuwa kisingizio."

"Jino lilikuwa kweli, Mwalimu. Na mengine yote yalikuwa kweli." Akatazama ukutani. "Nilisoma masomo ya jioni miaka minne. Siku nilipokipata nilikupigia. Namba haikuwepo."

Mwalimu alivuta pumzi aseme. Simu ya Fundi ikaita.

"Ndiyo, mama watoto," alijibu kwa sauti ya chini. "Nimesikia. Nitapitia dawa ya mtoto nikirudi."

Alipoiweka simu, Mwalimu alikuwa ameshafungua kinywa, tayari kwa brashi.

Brashi ilizunguka. Mkono wa Fundi ulikuwa mwepesi kama zamani.

"Pitisha ulimi."

Jino lilikuwa laini kama kioo. Mwalimu akaangalia saa ya ukutani. Hata dakika kumi hazikutimia.

"Na la chini?"

"Lililolika halirudi. Daktari atalifunika lisiume. Ila halitaendelea kulika."

"Asante, kaka."

"Nenda salama, dada."

Kwenye ngazi simu yake ikaita. Alikuwa dada mkubwa.

"Enhe, amesemaje?"

"Amemaliza," alijibu Mwalimu, akashuka akiwa ameshika ukuta, ulimi wake ukiutafuta ule mkwaruzo wa miaka sita bila kuukuta.