Mateka wa Kituo cha Eksirei

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha pikipiki. Ya pili ilimkosakosa Kazija sikio.

Aliitupa pikipiki yake ya Boxer migombani, akajibu kwa bastola yake ya Glock. Mtu wa genge aliyelinda geti akaanguka, koo limechanika.

Redio yake ya Motorola ikakoroma. Alikuwa mkuu wake wa polisi, akiita kutoka Chake Chake.

“Uko wapi?”

“Kituoni Msuka.”

“Genge la Egidius linatafuta madini ya mionzi, litengeneze bomu. Wamemkamata Dokta Suhaila, mtafiti wa hapo, awafungulie stoo.”

“Pale hakuna madini, mkuu.”

“Hawajui. Wakijua, watamuua.”

Kituo kile kilipokea data tu, kutoka darubini iliyo angani. Darubini ilipima eksirei za galaksi za mbali, zinazotoka pale shimo jeusi linapomeza gesi mpaka ikawaka. Lakini Egidius, mfanya magendo aliyejiona mjanja, alidhani mna mashine za mionzi kama za hospitali. Baradhuli mkubwa!

Mlangoni alilala Bakar, mlinzi mzee, amechinjwa. Kazija alimfumba macho, akasonga mbele kwa hasira.

Alichungulia dirishani. Suhaila alifungwa kitini, mkono umevunjika. Egidius na wenzake wawili walivaa aproni nzito za kuzuia mionzi, wakitiririka jasho.

“Ufunguo wa stoo!”

“Nshakwambieni, hamna kitu humu!” Suhaila alilia. “Eksirei zenyewe zatoka juu huko!”

Egidius akamwekea bastola kwenye paji la uso.

Kazija akabonyeza kitufe cha king'ora cha moto kilichokuwa ukutani.

“Mionzi inavuja!” akapiga ukelele. “Tokeni!”

Wakakurupuka wote watatu. Wa kwanza alijikwaa kwa uzito wa aproni. Kazija akamfumua kichwa. Wa pili alikula kisu cha shingo. Egidius alikwama mlangoni, akihangaika na fundo la aproni mgongoni. Kazija akamvunja kiwiko na kumbamiza ukutani.

“Mionzi imenipata,” Egidius alikoroma, damu mdomoni. “Nitakufa?”

Mkono wake mzima uliifuata bastola sakafuni.

“Utakufa,” Kazija alisema, akafyatua. “Ila si kwa mionzi.”

Alimfungua Suhaila. Badala ya kukimbilia nje, yule mama aliyumba hadi kwenye kompyuta.

“Bi Suhaila, twende hospitali! Mkono huo!”

“Mkono utaunga. Nitazame kwanza kama data zimeingia. Eksirei hizi zasafiri tangu jua halijakuwepo, mwanangu.” Sauti ikamkatika. “Na Bakar kazifia.”

Kwenye skrini vilimetameta vidoa vichache tu, eksirei zilizofika. Kazija alivitazama, kisha akaita gari la wagonjwa kwa redio. Akatoka, akamfunika Bakar kwa koti lake, akainua Boxer na kuondoka taratibu.