Namba Tasa za Mafahali Wawili

"Suhaib, jibu!"

Redio ndogo ya Motorola ilikoroma, kisha sauti ikapenya kwa shida.

"Hewa inakwisha, dada Sekela. Na nimekalia baruti."

Sekela alimfunga gaidi Khalfani pingu kwenye bampa la lori. Alikuwa amemfukuza kwa pikipiki tangu Buguruni hadi yadi hii ya makontena, Pugu. Mtu amepatikana. Mlango wa kontena bado.

Kontena la baridi lilikuwa limeziba kama kaburi. Ndani mlikuwa na baruti ya kulipulia matangi ya mafuta ya jiji, pamoja na Suhaib, jasusi mwenzake, aliyenaswa akiipeleleza. Msumeno wa umeme ungetoa cheche.

Cheche moja, kwisha habari.

Lilibaki kufuli la kielektroniki. Kiooni pake iliwaka namba ndefu:

899,999,879.

Chini yake, nafasi mbili tupu. Kufuli lilidai namba tasa mbili, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, ambazo zikizidishwa huzaa namba hiyo. Moja aliijua Khalfani, ya pili mshirika wake Leodegar. Jaribio lilikuwa moja. Ukikosea, kufuli hufa.

Simu ya Sekela ilikuwa imepasuliwa kwa risasi. Redio haikuvuka ukuta wa yadi.

"Mie yangu nimeisahau," Khalfani alicheka. "Ya Leodegar siijui kabisa, naye yuko uwanja wa ndege. Gawa tu, sista. Anzia tatu. Pasaka itakukuta hapo hapo."

Tatu ikaacha baki. Saba. Kumi na moja. Zote baki.

"Dada," redio ilinong'ona, "mwambie mke wangu Munira..."

"Utamwambia mwenyewe!"

Maji yalikuwa yamefika shingoni. Sekela alimgeukia mateka wake.

"Kumbe bosi ni Leodegar. Ndiye mwenye namba kubwa."

"Thubutu!" Khalfani alifura. "Kubwa ni yangu! Wivu wake tu ndio ulimfanya akatae nimpite sana, tukachukua zinazokaribiana..."

Akajiuma ulimi. Kachelewa.

Namba mbili zinazokaribiana, zikizidishwa, zao lake hukaa chini kidogo tu ya mraba wa namba iliyo katikati yao, na upungufu ni mraba wa umbali wa kila moja toka hapo katikati. Mraba upi? Milioni mia tisa: elfu thelathini mara elfu thelathini. Upungufu? Mia moja ishirini na moja: kumi na moja mara kumi na moja.

Basi toka elfu thelathini, rudi nyuma kumi na moja. Songa mbele kumi na moja.

29,989.

30,011.

Akabonyeza.

Kimya.

Kisha, tak!

Suhaib alianguka nje, midomo imepauka, akihema kama samaki nchi kavu.

"Dada... baridi ya kwenu Mbeya ina afadhali."

"Nani kakupa namba ya Leodegar?" Khalfani alifoka.

"Wewe."

Sekela alimkabidhi Suhaib bastola amlinde mateka, akafuta vumbi miwani yake, akaipiga pikipiki kiki. Uwanja wa ndege haukuwa mbali, na Leodegar alikuwa hajaruka.