Futi Mbili za Chuma

Fondo alikuwa na paipu sita za plastiki begani alipokata kona soko la Marikiti, kwenye wauza ndimu. Ncha ya nyuma ikanasa mtandio wa zambarau, ikaondoka nao.

"We fundi, wanivua mbele ya watu wote hawa?"

Akageuka, na paipu zikageuka naye, beseni la ndimu likamwagika. Mwenye mtandio akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa Afaf, mshona nguo wa mtaa wa Kuze, miaka thelathini na minne, buibui limefifia mabegani, wanja umekaa sawa.

"Nisamehe, dada. Macho yangu yako mbele tu."

"Na akili iko wapi? Haya, wajua kutoa chuma kilichooza ukutani?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi twende. Lakini tangulia wewe, nikuone."

Nyumba ya kina Afaf ni ya mawe na chokaa. Paipu zake za chuma zilitiwa zama za Mwingereza, na tangu hapo hakuna mkubwa aliyeuliza kimebaki nini ndani. Maji yalitoka mekundu kama chai ya rangi, hizo siku yalipotoka. Mamake, Bi Malak, alishinda akiugua tumbo. Fondo aliyatazama maji yale, akayamwaga. Mkewe alikufa mwaka wa kipindupindu, mifereji ya mtaani kwao Majengo mikavu, na wenye ofisi wakisema redioni kuwa hali ni shwari.

"Kitoke chuma chote," Afaf akasema. "Hata kipande kisibaki."

"Hakitabaki."

Kazi ya siku nne ilichukua kumi na moja, na mtaa mzima ulijua kwa nini.

"Umefika?" Afaf alipiga simu jioni moja.

"Nimefika. Nimesahau spana kwenu."

"Umesahau au umeiacha?"

"Nimeiacha."

"Basi kesho jioshe kabla ya kuifuata. Leo ulinuka kutu, roho yangu."

Neno lile la mwisho Fondo alikwenda nalo kazini, akala nalo, akarudi nalo.

Ukabaki ukuta mmoja, wa zidaka: vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu kwa safu, ambapo kila bibi-arusi wa nyumba ile alikalishwa siku ya kutolewa mbele ya wageni. Nyuma yake kulikuwa na futi mbili za paipu ya chuma. Afaf alikuwa amewaandikia barua wakubwa wanaolinda nyumba za kale, awaombe ruhusa ya kuuvunja. Miezi minane, hakuna jibu. Wanalinda kwa macho.

Bi Malak alingoja Afaf atoke kupeleka nguo za watu.

"Fundi, nasikia wataka kuleta posa."

"Nataka, mama."

"Mimi nilikaa hapa nina miaka kumi na sita. Mamangu kabla yangu. Ukiugusa ukuta huu, posa yako itaishia mlangoni. Unga huku na huku, upake chokaa. Na mwanangu asijue."

"Mama, chuma hiki kimekwisha. Maji yakija kwa nguvu..."

"Maji ya hawa? Kwa nguvu? Lini?"

Fondo akacheka naye. Akaunga plastiki na chuma, akapaka chokaa. Afaf aliporudi akamwambia chuma chote kimetoka. Wiki iliyofuata wazee wake walileta posa, ikapokewa.

Kisha maji yakakatika siku kumi na tisa, bila tangazo. Kuze nzima iliacha mifereji wazi, sufuria chini, ili wasikie yakija. Siku ya ishirini, mtu fulani kwenye kiti cha kuzunguka akaamuru yafunguliwe yote kwa mkupuo, akaendelea na chai yake.

Afaf, kwenye cherehani, alisikia masufuria ya majirani yakilia. Lake halikulia. Akangoja mpaka mchana, ndipo akampigia Fondo, aliyekuwa kazini Mbaraki.

"Kwa watu yanatoka, kwetu hapana. Yalianza saa mbili, sasa ni saa nane."

"Mama yuko wapi?"

"Kalala chumbani, penye zidaka. Kwani nini?"

"Mtoe. Usiniulize, mtoe kwanza."

Afaf alikuwa katikati ya ngazi ukuta uliposhuka. Chokaa ilikuwa imekunywa maji ya chuma kilichopasuka kwa saa sita.

Fondo alipofika, majirani walikuwa wamemlaza Bi Malak juu ya mlango waliong'oa, nyonga imevunjika. Afaf alikuwa kavua mtandio, kaushika mkononi pamoja na kipande cha chuma kilichopasuka.

"Hiki nini?"

"Chuma."

"Ulinambia kimetoka."

"Nilikwambia."

"Kwa nini?"

Fondo akamtazama Bi Malak. Macho ya mama yakamwomba asiseme. 

"Posa yako ichukue," Afaf akasema. "Na usinipigie."

Alipiga, siku kumi na moja. Simu ililia mpaka ikachoka. Hospitalini Bi Malak aliitazama ikilia kando ya mto, na siku ya kumi na mbili akasema: "Ishike simu yake, mwanangu. Mimi nilimkataza kuugusa ukuta. Nilimfunga kwa posa yako." Siku mbili baadaye akafa.

Siku ya tatu ya matanga ikaja barua ya wakubwa. Ruhusa imetolewa, ukuta uvunjwe kwa uangalifu. Afaf aliisoma mara mbili, akacheka, akashindwa kuacha, mpaka wanawake wakamshika. Ndipo akapiga simu.

"Fondo."

"Naam."

"Mama alinambia. Mbona hukusema?"

"Aliniomba."

"Basi huna kosa."

"Ninalo. Yeye alikuwa mama, fundi ni mimi. Nilijua kitapasuka. Nikasema, kisipasuke tu kabla ya harusi."

Afaf akaikunja barua ya wakubwa.

"Ungesema huna kosa, ningekata simu," akasema. "Njoo na paipu zako. Na pale kwa wauza ndimu, pita polepole."

Alikuja. Aliujenga ukuta upya, na safari hii akaipitisha paipu nje ya chokaa, mtu aione. Afaf alisimama nyuma yake, buibui lile lile, hana wanja.

"Bibi-arusi wa nyumba hii hukaa chini ya zidaka. Mimi n'takaa wapi?"

"N'takutafutia fundi wa zidaka."

"Wamekufa hao. N'takaa papa hapa, ukuta mtupu, chini ya paipu yako. Arobaini ya mama ikipita, walete wazee."

Fondo akakaza koki iliyokwisha kukazwa. Afaf akaweka sufuria chini ya mfereji, akaufungua, wakakaa kitako wakisikiliza. Maji hayakuja siku hiyo, wala iliyofuata.