Mboni Aliyeikimbia Sinema

Mwezi wa nane mwaka 1957, mabasi mawili yalifika Mkiwa kwa mpigo mmoja, moja la Manyoni na jingine la Itigi, na njia panda ikageuka soko. Kuku walipiga kelele vikapuni, wauza karanga waligombea madirisha, na upepo ukawatia wote vumbi bila kubagua. Mboni alikaa juu ya furushi lake kwenye kivuli cha duka, amejitanda kanga hadi ikabaki pua na jicho moja. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka mitano hakuwahi kukaa penye watu wengi kwa hiari yake. Basi la Singida lilikuwa limechelewa saa nzima. Miguu ilimwasha.

Mwanamume mmoja akaja, akatua sanduku la bati kando yake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Alivaa suti ya kaki iliyopigwa pasi na kofia ya rangi ya kahawa. Viatu tu ndivyo vilivyoonyesha kwamba yumo safarini. Akamsalimu, akamwambia anaitwa Amri, mpiga picha za sinema kutoka Dar es Salaam. Alikuwa anamtafuta nyota mmoja wa zamani, Mboni, atengeneze picha ya maisha yake.

Mboni alijibu kwa sauti iliyotulia. Kazi ya kuigiza alikuwa hajaisahau.

“Umechelewa, kaka. Alihamia Tabora. Siku hizi mnene, na meno ya mbele hana.”

“Yote?”

“Mawili. La tatu linacheza.”

Amri akafikiri kidogo. “Basi nitampiga picha upesi, kabla hilo la tatu halijang’oka.”

Mboni akageuza uso kuficha kicheko. Basi lilipofika akakaa nyuma kabisa, na Singida akashuka wa kwanza.

Kesho yake asubuhi, alipokuwa anapepeta uwele uani kwake Unyambwa, akasikia hodi. Amri alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mjomba wake Mboni, Mzee Mselemu mwenye duka mjini, ndiye aliyemwelekeza.

“Mimi ni mzaliwa wa Tabora, dada,” alisema. “Vibogoyo wote wa kule nawajua.”

Mboni alicheka kabla hajajizuia, na aliyechekeshwa namna hiyo hawezi tena kufunga mlango.

Zamani uso wake ulibandikwa kwenye kuta za mji mzima wa Dar es Salaam. Alicheza picha tatu. Ya mwisho ilikuwa ya mjane, na hadi leo watu walisimulia jinsi alivyolia kwenye mazishi ya mumewe. Baada ya picha hiyo alirudi Unyambwa, akajifungia, na majirani waliokuja kumwona akawarudisha mlangoni. Walisema ana majivuno.

Alimkubalia Amri kwa sharti moja: asimwombe kulia. Wiki tatu Amri alikuja kila siku na sanduku lake. Alimpiga picha akipepeta, akifukuza mbuzi wa jirani, akisuka ukili kwenye baraza. Mboni hakuweza kukaa sehemu moja. Alianza kazi hii akaiacha, akashika nyingine. Amri alimfuata huku akilalamika kwamba hata swala angekuwa ameshatulia.

“Kwani nilikuita?” Mboni alikuwa akimwambia.

“Hukuniita. Nifukuze basi.”

Hakumfukuza. Wiki ya pili alianza kuvaa gauni lake la zambarau lenye kola nyeupe, akijiambia ni kwa ajili ya kamera. Amri akichelewa, alitoka mara tatu kuangalia njia. Na siku moja, bila kuulizwa, akamweleza kwa nini aliikimbia sinema.

Walikuwa katikati ya picha ya mjane ilipofika telegramu kutoka kwa mjomba: mama mahututi, njoo. Mwenye picha aliipokea, akaitia mfukoni. Aliogopa Mboni akiondoka kazi itasimama. Alimpa siku ya tano, mazishi ya uongo yalipokwisha kupigwa picha. Mama yake alikuwa amezikwa kweli siku ileile aliyokuwa anamlilia mume wa kuigiza. Alipofika Unyambwa, matanga yalikuwa yamekwisha.

“Watu wanasifu machozi yale,” alisema. “Walikuja hapa kunipa pole, na neno lao la kwanza ni, tumesikia umelia vizuri. Nikafunga mlango.”

Amri aliiweka kamera chini. Alimshika mkono, na Mboni hakuuondoa.

Siku nne baadaye barua aliyoandikiwa Amri ilifikia dukani kwa Mzee Mselemu, imefunguka gundi, na Mboni akatumwa kumpelekea. Aliuona mstari mmoja, na Kiingereza cha kutosha alikuwa nacho. Mkubwa wake Amri aliagiza Mboni apigwe picha akilia kwenye kaburi la mama yake, ili iunganishwe na yale machozi ya zamani. Mboni akaenda makaburini moja kwa moja. Amri alikuwa amesimama pale, kamera begani.

“Kumbe barua imekuja kazi umeshaianza,” alisema Mboni.

Amri alisema alikuja kumwombea dua marehemu, na kamera hakuwa na pa kuiacha. Mboni hakusikiliza. Alimtupia barua miguuni akaenda zake, na jioni hiyo hodi ilipigwa hadi mpigaji akachoka. Asubuhi Amri alipanda basi.

Mwezi wa kumi alipiga simu dukani. Mzee Mselemu alimwita mpwa wake, akamwekea mkono wa simu sikioni kwa nguvu.

“Mboni, nasikia unavyopumua,” sauti ilisema katikati ya mikwaruzo. “Sikupiga picha kaburini. Nimewakatalia. Wameninyang’anya kamera, wamenitia kwenye gari la sinema, nitangaze sabuni vijijini.”

Mboni alitaka kujibu. Likamjia jina la Amri tu, na alipolisema laini ilikuwa imekatika. Usingizi ukampotea. Alipepeta nafaka iliyokwisha kupepetwa. Alikwenda dukani kila siku kuuliza kama simu imelia, hadi mjomba akamwambia atamhamishia kitanda hapo.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata gari la sinema likaingia Singida, na Amri ndiye aliyeliendesha. Amekonda, suti ya kaki imefifia. Alimwomba Mboni aje shuleni saa nane mchana. Alikuwa ameziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, na walipoingia Mboni na Mzee Mselemu, akawasha mashine.

Mkanda haukuwa na sauti. Mboni alijiona anafukuza mbuzi. Alijiona anasuka, anasimama, anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera. Kaburi halikuwemo. Ukutani alikuwepo mwanamke aliyependwa na yule anayemtazama, hata mjomba aliona, akakohoa.

“Wameukataa,” alisema Amri. “Usipotaka auone mtu mwingine, uchukue.”

Mboni aliondoa blanketi moja dirishani. Kisha akauliza, “Leo jioni utaonyesha uwanjani? Nipe kipaza sauti. Nitausemea mwenyewe.”

Giza lilipoingia uwanja ulijaa. Mboni alisimama kando ya turubai, kichwa wazi, akasimulia habari ya ile telegramu kwa maneno machache, huku picha yake ikipepeta uwele nyuma yake. Alipomaliza, bibi mmoja, Mosi, jirani aliyewahi kurudishwa mlangoni, akainuka kwenye mkeka, akamwendea, akamshika mikono miwili.

“Pole kwa msiba, mwanangu,” alisema.

Nyuma yake akasimama mwingine, na mwingine, mstari ukazunguka gari. Mboni alipokea pole za mama yake moja baada ya moja, na safari hii alilia bila kuambiwa na mtu.

Watu walipotawanyika, Amri alikuwa anakunja turubai.

“Naacha kazi hii,” alisema. “Nataka kuhamia huku. Nataka kuoa.”

“Nani?”

“Mboni, usinitese.”

Mboni alishika upande wa pili wa turubai, wakalikunja pamoja. “Mjomba hufungua duka saa mbili,” alisema. “Ukichelewa, utakuta ameshamkubalia mwingine.”

Amri alifika saa moja na nusu.