Kopo la Mvua la Malaika

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, Malaika alikwenda kwenye kopo lililowekwa nyuma ya nyumba yao huko Alunguli, akatumbukiza rula, kisha akaandika daftarini kimo cha maji ya mvua. Kazi hiyo alipewa na Tantine Mado, mdogo wa mama yake, mhudumu wa afya. Kila Ijumaa Tantine alichota maji machafu ya mfereji mkubwa ili maabara itafute humo virusi vya tumbo. Alitaka kujua kama virusi huongezeka mvua ikizidi, apate kuwaambia majirani ni wakati gani maji ya kisima yana hatari.

Malaika alikuwa mtoto wa bidii, lakini naye, kama sisi sote, alikuwa na siku zake. Juma moja, Tantine alipokwenda mji wa Kama kuchanja watoto hadi Ijumaa, Malaika alilichukua kopo akapimie karanga alizouza na rafiki yake Arielle. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Yeye akaandika sifuri, sifuri, sifuri, tena kwa mwandiko mzuri ajabu.

Majibu ya maabara yalifika baada ya wiki tano, na mvua ya wiki tano zilizopita nani angeikumbuka? Tantine alikuna kichwa.

“Virusi ilikuwa mingi sana ile wiki, na mvua haikukuwa. Basi mvua haiko na kosa. Kesho nitaambia wamama waache kujisumbua kuchemsha maji ya kisima kila mvua ikinyesha.”

Malaika alimfikiria mdogo wake Espoir, aliyekunywa maji ya kisima hicho.

“Tantine, usiwaambie. Mvua ilinyesha, tena mingi. Kopo nilipimia karanga. Niliandika uongo.”

Tantine akamketisha karibu naye mkekani.

“Wakati wa vita nilikuwa mudogo kuliko weye. Tulitoka porini mvua ikinyesha, vyoo vimefurika, tukakunywa maji ya kisima. Kaka yangu Fortunat alihara siku mbili. Ya tatu tulimuzika. Hakukuwa mutu wa kutuambia.”

Malaika alilia. Tantine akamfuta machozi kwa kitenge chake, akazikata zile sifuri tatu, na juu yake akaandika: haikupimwa. Kesho yake akawasihi akina mama waendelee kuchemsha maji, hasa mvua ikizidi.

“Ukisahau kupima, mwanangu, andika umesahau,” alimwambia Malaika. “Hiyo haitaumiza mutu. Lakini namba ya uongo nitaiamini, sababu ninakuamini weye.”