Harusi Iliyokosa Viza

"Zima cherehani, Kimya! Tunaoana Ijumaa!"

Nusura nijishone kidole. Fundi Baridi alisimama mlangoni mwa karakana yetu ya mapazia, anahema kama aliyefukuzwa na mbwa, simu mkononi, bisibisi imechomoza mfukoni. Jina hilo alipewa kwa kutengeneza friji. Mimi naitwa Kimya, na anayenijua haulizi kwa nini.

"Ijumaa ipi?"

"Keshokutwa!"

Mama Pazia, mwenye karakana, akavua miwani. "Wewe kijana, hata salamu? Unatangaza ndoa kama uko mnadani?"

"Shikamoo mama, nisamehe. Sheria imebadilika!"

Akatueleza huku anatembea kati ya majora ya vitambaa. Chuo cha ng'ambo kilishamkubali kusomea mitambo ya baridi, mwaka mmoja na nusu. Tulipanga tuoane taratibu, kisha tusafiri wote. Hata pasi yangu ya kusafiria nilikuwa nayo tayari. Sasa asubuhi hiyo nchi ile imetangaza kwamba kuanzia Jumamosi, mwanafunzi wa kozi kama yake haruhusiwi kwenda na mke wala mume. Maombi ya viza yatakayoingia kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa ndiyo yatafuata sheria ya zamani.

"Msajili wa ndoa ametupa nafasi Ijumaa saa tatu. Tunachukua cheti, tunakimbilia stesheneri, tunatuma. Kimya wangu, utaona theluji!"

"Nitavaa nini?" Hilo ndilo neno pekee lililonitoka.

Mama Pazia alikuwa ameshavuta kitambaa cheupe. "Hili lilikuwa pazia la hoteli. Wakiuliza, tutasema panya wamelila. Simama nikupime!"

Tulicheka hadi wapita njia wakachungulia. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kupiga kelele.

Alhamisi jioni tukaenda stesheneri kujaza fomu. Ilikuwa ya lugha ya kigeni, kwa hiyo karani wa pale akatusomea kwa Kiswahili alichokwisha kuandika kwa maelekezo ya Fundi Baridi.

"Mke. Kazi yake: mbunifu wa mapambo ya ndani."

"Mimi huyu?" nikacheka.

"Kwani mapazia si mapambo?" Fundi Baridi akanikonyeza.

"Elimu: amemaliza sekondari."

Kicheko kikanikatika.

"Nani amemaliza sekondari?"

"Mpenzi, hiyo ni karatasi tu."

"Niliishia darasa la tano. Nilikwambia mwenyewe, nikalia, ukanishika mkono."

"Najua. Lakini wakiona darasa la tano watafikiri..."

"Watafikiri nini?"

Karani akaanza kukagua mashine yake ya kuchapa, kumbe haina tatizo lolote.

"Ni wao watakaofikiri, au ni wewe?"

"Kimya, hatuna muda! Kesho saa kumi na moja mlango unafungwa!"

"Unanioa mimi au unaoa fomu?"

Watu watatu waliokuwa wakitoa nakala waligeuka. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nikachukua pochi yangu, nikaondoka.

Ijumaa sikwenda kazini. Nilikaa jikoni kwa mama, simu mezani, tunaitazama kama chungu kinachotaka kufurika.

Saa tatu na robo: "Niko kwa msajili. Uko wapi?"

Saa sita: "Nimefuta. Nimeandika darasa la tano, mshona mapazia. Msajili anasema hata saa nane atatufungisha. Njoo, tafadhali."

"Mjibu mtoto wa watu," mama akasema.

Nikaandika polepole: "Umefuta kwa sababu nimekasirika. Siolewi mbio. Peleka yako peke yako, usikose chuo."

Akapiga. Sikupokea. Akapiga tena na tena. Mama akanyoosha mkono aipokee, nikaikalia.

Saa kumi na dakika hamsini na mbili: "Nimetuma ya kwangu peke yangu. Nimeandika sijaoa."

Baada ya hapo, hakuna kitu. Mama akashusha pumzi. "Basi. Amepata alichokitaka." Nikalia mpaka kanga ya mama ikalowa begani.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafagia uwanja, nywele timutimu, nikasikia hodi. Fundi Baridi, shati limenyooshwa upande mmoja tu. Nyuma yake mjomba wake na shangazi yake, mwanamke mnene mwenye macho ya kukagua.

Mama akawakaribisha ndani. Nikabaki mlangoni na ufagio wangu.

"Umefuata nini?" nikamuuliza Fundi Baridi. "Sheria mpya imeanza leo. Mke hasafiri."

"Najua."

"Hata ukinioa leo, mimi sipandi ndege."

"Najua, Kimya. Karani amesema kuoa hakukatazwi, ila nitawaarifu kwamba nimeoa, na mke atabaki huku. Nikipata viza, wiki sita zijazo naondoka, mwaka na nusu narudi."

"Sasa ndoa itakusaidia nini?"

"Hainisaidii kitu kwenye fomu yoyote. Ndiyo maana nimekuja leo."

Akageuka kwa shangazi yake, akasema kwa sauti, mbele ya mama yangu na jirani aliyejifanya anaanika nguo dirishani:

"Shangazi, huyu ndiye. Anashona mapazia. Aliishia darasa la tano. Juzi nilimwonea aibu kwenye karatasi, nikamwandika mtu mwingine. Kosa ni langu."

Shangazi akanitazama juu mpaka chini, ufagio na nywele. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Darasa la tano? Kwani tumekuja kuajiri?"

Mjomba akaangua kicheko. Mama akafunika mdomo. Jirani dirishani naye akacheka, akasahau kwamba hayupo.

"Mwanangu," shangazi akaniambia, "huyu alikuwa akinificha mitihani yake ya hesabu chini ya godoro. Hofu ndiyo inamtuma ujinga. Unamtaka, humtaki? Sema, tusimalize chai ya watu bure."

Nikamtazama Fundi Baridi. Macho mekundu, hajalala.

"Ukiniongezea tena hata darasa moja," nikamwambia, "ukirudi utakuta kufuli limebadilishwa."

"Hata nusu darasa sikuongezei!"

"Basi namtaka, shangazi."

Mama alipiga kigelegele kabla sijamaliza neno.

Jumatatu msajili alitupa nafasi ya kwanza. Nikaingia na gauni la pazia la hoteli, Mama Pazia nyuma yangu anashikilia pindo, pini zimejaa mdomoni. Msajili akatutazama juu ya miwani.

"Ninyi ndio mlikuwa na haraka Ijumaa. Vipi, bibi harusi anawahi ndege?"

Wote wakanigeukia. Zamani ningetazama sakafu.

"Hapana, mzee," nikasema, na chumba kizima kikanisikia. "Mimi sisafiri. Naolewa tu."