Kurasa Nne za Sikuzani

Kila alasiri Sikuzani, mwanafunzi wa darasa la sita huko Naipingo, alimsaidia mama yake kubangua korosho. Walizikaanga kwenye bati, wakapaka mikono majivu ili mafuta ya ganda yasiwachome, kisha wakazigonga kwa jiwe, moja moja.

Wiki ile kazi hiyo ilimfuata hadi shuleni. Mwalimu Magreti wa sayansi aliwaambia wanafunzi wabuni kifaa cha kubangulia. Kifaa kitakachotoa korosho nane nzima katika kumi kitakwenda kwenye maonyesho ya shule mjini Ruangwa.

"Na kila jaribio liandikwe daftarini," alisema.

Sikuzani na mwenzake Maximilian waliunda chao kwa mbao mbili, mpini na bawaba kuukuu ya mlango. Unailaza korosho katikati, unabana. Kraa! Vipande. Wakafupisha mpini. Vipande tena. Jaribio la tatu zikatoka tano nzima. La nne, hata moja.

"Daftari limejaa aibu tupu," Sikuzani alinung'unika. Alichana kurasa zote nne, na jioni akawashia moto wa kukaangia korosho.

Kesho yake Maximilian alisema, "Turudie lile la tatu. Tulibadilisha nini vile?"

Sikuzani hakukumbuka.

"Si tuliandika? Kurasa ziko wapi?"

"Nimewashia moto."

"We Sikuzani! Akili gani hiyo?"

"Na wewe kichwa chako kazi yake nini? Kubebea nywele?"

Siku mbili walibana na kuvunja, huku wamenuniana. Vidole viliungua kwa mafuta. Alhamisi Sikuzani alikitupa kifaa chini, akanyakua jiwe na korosho, akaigonga kwa hasira. Ganda likapasuka vizuri, korosho ikatoka nzima.

Maximilian akasogea. "Hebu rudia. Umeishikaje?"

"Kama nyumbani. Nimeisimamisha."

Wakatazamana.

"Tangu mdogo naisimamisha," Sikuzani alisema taratibu. "Halafu kwenye mbao nailaza kama mgonjwa!"

Walichonga mfereji kwenye ubao wa chini, korosho isimame humo bila kuanguka. Ijumaa, mbele ya darasa, zikatoka tisa nzima. Wenzao wakapiga makofi. Mwalimu Magreti akafungua daftari.

"Mbona linaanzia jaribio la tano?"

Sikuzani alitamani kusema kurasa zimeliwa na panya.

"Nilizichana nikawashia moto, mwalimu. Zilikuwa za kushindwa. Maximilian hakujua."

"Basi kifaa hakiendi Ruangwa hivi. Mna hadi Jumatatu."

Jumamosi kutwa nzima walirudi mwanzo, wakivunja korosho makusudi na kuandika, huku mama akilalamika kuwa wanamharibia mali. Walipopekua mbao walizokuwa wamezijaribu na kuziacha, waliona ufa kwenye mmoja. Korosho zilizoingia humo zilisimama zenyewe, na katika kumi, tano zikatoka nzima. Hilo ndilo lilikuwa jaribio la tatu.

Jumatatu mwalimu alisoma kurasa zote, akatia sahihi, akawaandika kwenda Ruangwa.

"Jibu mlikuwa nalo tangu jaribio la tatu," alisema. "Likachomwa kwa kuona haya. Kushindwa si aibu, wanangu. Aibu ni kuficha ulivyoshindwa, maana utashindwa vilevile kesho bila kujua kwa nini."

Sikuzani alilipokea daftari kwa mikono miwili. Vidole vyake bado vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya korosho.